Ng'ombe Aliyestahimili Jua na Baridi

Alizaliwa wapi na watu wake ni kina nani sitasema, kwanza kwa sababu sikuwahi kumuuliza, na pili kwa sababu kichwa chake kilijaa nasaba za ng'ombe hata ya kwake ikakosa pa kukaa. Majirani Waingereza wa mtaa wetu hapa Kingstanding walimwita Doc. Sisi Waswahili wachache tuliotawanyika huku kaskazini mwa Birmingham tulimwita Daktari wa Ng'ombe, na kila mara alitusahihisha: yeye si daktari wa ng'ombe, yeye ni mtu wa joto la ng'ombe. Hakuna aliyeona tofauti. Mimi ilinichukua miaka minne kuiona, na nilipoiona nikamharibia kazi ya maisha yake.

Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Ni zile nyumba za matofali zilizojengwa mbili mbili, kila moja na bustani yake ndogo ya nyuma na kamba yake ya nguo. Kwenye nguzo ya kamba yake alitundika kipimajoto. Kingine kilikuwa jikoni, kingine ngazini, kingine chooni, kingine ndani ya friji, na kimoja alitembea nacho kwenye mfuko wa shati. Alfajiri alivisoma vyote, na saa nane mchana alivisoma tena. Hakuviandika popote. Siku moja nilimuuliza faida yake ni nini, akanishangaa.

"Kwani wewe Mama Sein, ukiamka asubuhi hutazami kama mtoto yupo?"

Sein ni binti yangu. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza, na Daktari alikuwa akimwambia kwamba naye ni mnyama aliyehamishwa malisho, asimlaumu mtu.

Januari, theluji ikiwa imelala juu ya mapipa ya taka, madirisha yake yalikuwa wazi na mapazia yakipepea nje. Mimi niliingia na koti, skafu na soksi pea mbili. Yeye nilimkuta na shati la mikono mifupi, miguu peku, anakunywa chai iliyokwisha kupoa.

"Daktari, hii nyumba ni baridi kuliko freezer, honestly."

"Si nyumba. Ni wewe. Umeumbwa kwa joto la bondeni."

"Mimi nimeumbwa kwa ugali. Funga window, please."

Alifunga nusu. Alikuwa mtu wa kukutimizia nusu ya ulichoomba, na hiyo nusu akaitoa kwa moyo wote.

Salamu zetu nazo zilikuwa vituko. Sisi wa Kenya bara hatukulelewa na shikamoo. Mimi nilimwambia "Habari ya asubuhi, mzee," na moyo wangu ulikuwa safi. Yeye alitulia kidogo, akatazama dari, kisha akajibu, "Marahaba." Kila siku, miaka yote hiyo, aliitikia shikamoo ambayo sikuitoa. Sikujua kama ananisuta au ananisaidia. Nilianza kuona haya, na bado sikuisema, kwa ukaidi tu.

Nikimkumbuka sasa simkumbuki kwa mpangilio. Ananijia vipande vipande, kama ndoto unayoamka nayo kisha unaanza kuipoteza ukiwa unapiga mswaki. Namwona kituo cha basi, anawatazama watu wakipanda. Kijana kavaa kaptura kwenye barafu, Daktari ananinong'oneza, "Huyu babu zake walilala zizini." Mama mmoja mnene kavaa blauzi nyepesi, Daktari anamwambia uso kwa uso, kwa Kiingereza chake cha taratibu na kwa heshima zote, kwamba amejaliwa mafuta mazuri sana ya kuhifadhi joto. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alimtazama kitambo kizima, halafu akacheka mpaka akashika nguzo, na tangu siku hiyo alimwekea kiti kwenye basi.

Namwona pia Soho Road, kule Handsworth, ambako kila Jumamosi alikwenda kubishana na mzee mmoja wa Kipunjabi mwenye duka la vitambaa. Mzee huyo alikulia kwenye nyati, wale wa kufugwa wa kwao, na kwake yeye ng'ombe alikuwa mnyama wa watu waliokosa nyati. Daktari alimweleza kwamba nyati ana ngozi nyeusi inayovuta jua na tezi chache za jasho, kwamba kwa vinasaba vyake angepaswa kushindwa na joto kabla ya saa sita. Mzee alijibu kwamba nyati wa mama yake hakushindwa hata siku moja, kwa sababu alijua njia ya kwenda bwawani. Basi Daktari alirudi nyumbani anacheka peke yake kwenye basi. "Ng'ombe ana jeni," aliniambia, "nyati ana akili." Na joto lilipopanda, hapo Julai, mtu huyu aliyetumia maisha yake kutafuta siri ya kustahimili jua hakustahimili hata kidogo. Alijaza maji ya uvuguvugu kwenye bafu, akaingia na kofia, akakaa humo mchana kutwa akisikiliza redio. Nilimsikia kupitia ukutani akisogea sogea, na maji yakimwagika sakafuni taratibu.

Kazi yake aliniambia kwa mafungu, na mara nyingine alisinzia katikati ya fungu. Alipokuwa kijana alitembea na wafugaji huko Tanzania, bondeni kwenye joto kali na juu kwenye baridi, akiwapima ng'ombe joto la mwili. Alipima kabla ya jua kuchomoza, akapima tena saa nane mchana. Kilichomhusu ni tofauti ya hizo mbili. Ng'ombe mmoja jua linampandisha mpaka anahema ulimi nje. Mwingine, palepale pembeni yake, mchana wake ni kama alfajiri yake. "Huyo ndiye ninayemtafuta," alisema. "Nje ni hali ya hewa tu. Joto lenyewe liko ndani." Kisha alitoa damu kidogo, akaitia kichupani, akaisafirisha mpaka maabara, na huko akatafuta kwenye vinasaba ni wapi ng'ombe huyu ameandikwa tofauti na wenzake.

Jambo moja lilimpa sifa mbaya kwa wenzake, wakamwita mvivu. Hakutoa damu ya ng'ombe mmoja mara mbili. Hata akikutana naye tena baada ya miaka, hakumchoma. "Damu yake ninayo," alisema. "Nimrudie na sindano kwa kosa gani?" Na ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu. Mlango aligonga mara moja, usiposikia akaenda zake. Chakula alikukaribisha mara moja. Swali aliuliza mara moja, na jibu ulilompa akalichukua kama amana, hakuligeuza kuona chini yake kuna nini. Niliupenda sana upole huo. Nilikuwa natoka kazini kwenye nyumba ya wazee, nimechoka kuulizwa mambo mara kumi kumi, nikaingia kwake nikapumzika.

Sebuleni kwake, pale ambapo watu huweka picha ya harusi, palikuwa na picha ya ng'ombe. Ng'ombe jike, mwekundu wa rangi ya udongo, nundu ndogo, doa jeupe kwenye paji la uso, amesimama katikati ya mwanga mkali kiasi kwamba miguu yake imeyeyuka kwenye picha. Jina lake Naserian. Wageni walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Alimkuta Naserian bondeni, kwenye boma la mfugaji mmoja wa Kimasai, siku ya joto ambayo hata nzi walikaa kivulini. Joto lake la mchana lilikuwa karibu sawa na la alfajiri. Alimtoa damu, na maabara ikaonyesha badiliko dogo kwenye jeni yake moja, badiliko ambalo hakuwa amewahi kuliona. Miaka tisa baadaye familia ile ilikuwa imehamia nyanda za juu, kunakoganda umande alfajiri, naye akawafuata. Akaonyeshwa Naserian. Amevaa manyoya marefu na mazito, mgongo umepakwa barafu nyembamba, na wala hatetemeki. Daktari alilia, aliniambia mwenyewe. Ng'ombe yuleyule aliyelishinda jua sasa ameishinda baridi. Kwa hiyo akaandika kwamba lile badiliko moja linafanya kazi mbili, kupoza na kupasha. Alikuwa na jina lake la kupenda: mlango unaofunguka pande zote mbili. Kwa watu wa fani yake hilo ndilo lililomfanya ajulikane.

Halafu macho yakaanza kumwacha. Katikati ya kila kitu alichotazama paliingia ukungu, akawa anatazama pembeni kama mtu anayekutazama kwa wizi. Wakati huohuo mtafiti mmoja kijana, binti wa Kitanzania aliyesomea huku, akampigia simu kuomba madaftari yake. Walikuwa na mpango wa kuchagua madume yenye jeni ya Naserian na kuyapeleka kwa wafugaji wa mahali ambapo mchana unaunguza na alfajiri inagandisha. Daktari alifurahi kama mtoto. Akaniomba nimsomee madaftari yote kwa sauti kabla hayajachukuliwa, ili ayasikie mara ya mwisho.

Mchana wa siku zangu za mapumziko nilikaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, koti mwilini, nikasoma. Yeye alifumba macho. Nje mvua nyembamba ya Birmingham ilianguka bila sauti, basi likapita, mtoto akaita mbwa, na humu ndani ng'ombe waliingia mmoja mmoja na majina yao na joto lao la alfajiri na la mchana. Kuna wakati sikujua tena niko wapi. Nilisikia harufu ya zizi la nyanya yangu kule Kajiado, moshi na maziwa, na nikawa nasoma polepole ili nisiipoteze. Daktari alikuwa akiniita Mmasai wa lami, kwa sababu nimekulia Kitengela na nimeshika simu zaidi ya nilivyoshika kiwele. Lakini likizo zangu zote za utotoni zilikuwa kwa nyanya. Hilo hakuwahi kuniuliza.

Tulifika kwenye Naserian wa nyanda za juu. Nilisoma: "Alfajiri, barafu mgongoni. Hatetemeki. Manyoya marefu, nimekata kidogo shingoni. Damu sikutoa, ninayo. Meno yote mazima na meupe, utadhani ni mtamba. Ajabu."

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Nilicheka, kicheko cha kawaida kabisa, kisha nikairudia kimoyomoyo ile sentensi ya meno.

"Umecheka nini?"

"Nothing, Daktari. Nimekumbuka kitu tu."

"Hata mimi nilicheka siku ile," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nikasema huyu mama hazeeki."

Nilichokumbuka ni nyanya yangu akisimama mlangoni mwa boma jioni na kuita jina moja, na ng'ombe watatu wakainua vichwa. Kwetu ng'ombe akiingia bomani kwa zawadi ya kupatana, anapewa jina la amani, Naserian. Akizaa jike, huyo naye ni Naserian. Mjukuu, Naserian. Jina ni la uzao wote, linaeleza ulitoka mkononi mwa nani. Mfugaji aliyeulizwa "Huyu ni Naserian?" akajibu ndiyo hakudanganya hata chembe. Alikuwa Naserian kweli. Alikuwa bintiye.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu na lilinila. Damu ile ilikuwa ya mama, manyoya yale yalikuwa ya binti, na Daktari alikuwa amewashona wakawa ng'ombe mmoja. Badiliko alilolipata lilikuwa la jua tu. Ile nguvu ya kuishinda baridi huenda binti aliirithi kwa baba yake, dume la huko juu ambalo hakuna aliyeliandika. Nikinyamaza, mzee atabaki na ng'ombe wake ukutani. Na madume yatapelekwa kwa watu kama nyanya yangu, watu wanaohesabu ndama kwa vidole, na alfajiri ndama watatetemeka mpaka walale wasiinuke. Nilianza kuwaota hao ndama. Wamesimama kwenye bustani yangu ya nyuma, chini ya kamba ya nguo, wananitazama.

Siku moja kabla ya yule binti mtafiti kuja kuchukua madaftari, nilipika ndengu na chapati, nikajaza bakuli langu la bluu, nikaenda. Nilimwacha ale kwanza. Nilisubiri anawe mikono.

"Daktari, Naserian wa mlimani si yule wa bondeni. Ni mtoto wake."

Alikausha vidole kimoja kimoja. "Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Kwetu jina la ng'ombe linaenda kwa mabinti. Wote ni Naserian. Ndio maana meno yalikuwa mazuri hivyo. Alikuwa young."

"Mimi nimekaa na Wamasai wewe hujazaliwa."

"Najua."

"Niliwauliza. Niliwauliza, huyu ni Naserian?"

"Uliuliza mara moja."

Pazia likapepea nje likarudi ndani. Nikaona nimalize kabla ujasiri haujaniishia.

"Damu ni ya mama, manyoya ni ya mtoto. Hiyo jeni ni ya jua peke yake. Wakipeleka hayo madume kule kwa baridi, calves watakufa, Daktari. Na ni watu wangu."

"Mmasai wa lami," akasema polepole, "kazi yake kuosha wazee, leo ananifundisha ng'ombe."

Yaliniuma, sitaficha. Niliuma meno. Ningekuwa na umri mdogo kidogo ningemjibu neno ambalo tusingesahau.

"Asante kwa chakula, Mama Sein," akasema. "Ukitoka, funga mlango."

Kesho yake asubuhi nililikuta bakuli langu mlangoni. Limeoshwa, limekaushwa, liko tupu. Msomaji ambaye hajaishi na majirani wa kwetu huenda asielewe kwa nini nilikaa chini pale kwenye ngazi na sare yangu ya kazi. Bakuli la jirani halirudishwi tupu. Weka ndimu mbili, weka chumvi, weka chochote. Miaka minne bakuli hilo lilikuwa limerudi na korosho, na majani ya chai, na mara moja kipimajoto kipya ndani ya boksi lake. Kurudi tupu ni kukuambia kwamba hatudaiani tena hata salamu.

Gari la yule binti lilikuja mchana, likakaa saa moja, likaondoka. Hakutoka na madaftari, wala sikujua wamesema nini, na nani nimuulize? Majani yakaanguka, baridi ikaingia. Nilipita mbele ya nyumba yake kila siku kwenda kazini. Nilimsikia ukutani akikohoa, akisogeza kiti. Halafu, Januari, nikaona madirisha yake yote yamefungwa. Hilo lilinitisha kuliko ukimya. Nilisimama mlangoni kwake mara mbili, mkono juu, nikashindwa kubisha. Nilimkosa sana. Nilikosa hata ile marahaba yake. Na wakati huohuo nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, kwa lile neno la kuosha wazee, maana wazee nawaosha vizuri.

Mwisho nilimkuta Julai, mchana, kwenye Sutton Park. Si mbali na kwetu, ni pori kubwa wanalolilinda, na msimu wa joto huachia ng'ombe humo wale nyasi. Siku hiyo jua lilikuwa limekasirika. Njia ya vumbi ilipumua, na miti ya mbali ilionekana kama inaelea juu ya maji. Ng'ombe walikuwa wamejibana kivulini, weusi, ndimi nje. Kwenye gogo karibu yao alikaa Daktari wa Ng'ombe, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Nilisimama mbali. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, kabla sijaushauri:

"Shikamoo, Daktari."

Akageuza uso pembeni, anitazame kwa ukingo wa jicho.

"Leo umeisema," akasema. "Marahaba. Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro."

"Basi umewahi. Kaa."

Nikakaa. Tulisikiliza ng'ombe wakihema. Alinuka sabuni na jua. Nilitaka kumuuliza madirisha, nilitaka kumuuliza ndama, na nilichofanya ni kung'oa nyasi.

"Niambie," akasema, "wote wako kivulini?"

"Mmoja hayuko. Amesimama juani pale, anatafuna tu. Hana wasiwasi."

"Manyoya yake?"

"Mafupi. Yanang'aa."

"Mm." Akatabasamu kwa ile nusu yake. "Usimpe jina."

Hapo ndipo aliponieleza. Siku ile binti mtafiti alipokuja, Daktari hakumkabidhi madaftari. Alimwambia yana kosa, na kosa ni lake, na lile badiliko wasilipeleke popote mpaka wamerudi bomani. Aliyasema akiwa bado amenikasirikia, usiku huo huo hakulala, alisema, kwa kunichukia. Kisha akafunga madirisha na kukaa humo ndani majira yote ya baridi kama mtu aliyefiwa, kwa sababu alikuwa amefiwa. Ng'ombe mmoja aliyeshinda jua na baridi hakuwa amewahi kuwepo.

"Wiki iliyopita wamenipigia," akasema. "Wamefika kwenye lile boma. Mzee yule amekufa, yuko mwanawe. Wakamwambia, tumekuja kumwona Naserian. Mama Sein, unajua alijibu nini?"

"Sijui."

"Akawauliza, yupi?"

Alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikamtikisa kofia, ng'ombe wawili wakageuka kututazama. Walikuwa saba, alisema huku anafuta macho. Naserian saba, wengine wa manyoya mafupi, wengine marefu, na mmoja, mmoja tu, mchana wake ni kama alfajiri yake na mgongo wake umevaa manyoya ya mlimani. Bado hawajui ni kwa jeni ngapi. Huenda mbili, huenda ishirini. Safari hii wamemtoa damu kila mmoja.

"Wamewachoma wote saba?"

"Wote. Niliwaambia wawaombe radhi kwanza." Kisha kicheko kikaisha, na machozi yakaendelea yenyewe. "Yule ng'ombe wa mlimani sikumchoma hata mara moja. Nilisimama mbele yake na barafu mgongoni, nikamwona mama yake. Aliishi, akazaa, akafa, na mimi sikumwandika. Nilidhani namhurumia."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkono wa mzee, mwepesi, wenye joto, na mimi mikono ya wazee naijua.

Tulirudi na basi. Alikaa kiti chake cha dirishani, kipimajoto mfukoni. Tukafika kwenye geti lake. Hapo akapapasa mpini wa geti, akaukosa, akaupata.

"Lile bakuli la bluu," akasema bila kunigeukia, "kesho niletee. Lilirudi vibaya."

Nililipeleka. Jioni yake lilirudi, amelileta mwenyewe akipapasa ukuta, akagonga mara moja, kisha, nikiwa bado nashuka ngazi, akagonga tena. Ndani yake mlikuwa na maandazi sita aliyoyakaanga bila kuyaona, mawili yameungua. Niliyala yote, nikaanza na yaliyoungua.